Kiti cha Kati ya Wodi Mbili

Siku ile waliokuwapo ni hawa. Mama msimamizi, aliyeshika funguo zote za nyumba. Mpishi na msichana wa kumsaidia jikoni. Mwanamke wa kufua. Mzee wa lango. Mwenyekiti wa kamati na mkewe, pamoja na kina mama wa mjini waliokuja na masinia ya vyakula, kama walivyozoea kila mwaka baada ya Idi. Mimi, mhudumu wa wodi. Mdogo wangu anayenifuata, nesi wa nyumba nzima, peke yake. Na wazee wenyewe: wanawake katika wodi ya mkono wa kulia, wanaume mkono wa kushoto, na katikati ukumbi wa saruji ulioezekwa makuti. Mhudumu mwenzangu hakuja, mtoto wake alikuwa na surua.

Nimeanza kwa kuwataja kwa sababu baadaye kila aliyeulizwa alijibu kwamba siku ile watu walikuwa wengi. Ni kweli, nyumba ilijaa. Lakini wa kuwatazama wazee tulikuwa wawili, na mmoja wetu akaitwa akabebe chai.

Nyumba yenyewe ilikuwa nje kidogo ya Malindi. Waliletwa hapo wazee wasio na mtu. Wengine walikuwa watu wa mjini hasa, jamaa zao wamekufa au wamehamia Arabuni na nyumba zimeuzwa. Wengine walitoka bara, huko Ganze na kwingineko kwenye ukame, wakiletwa na chifu au na padri. Kamati ya watu wa mjini iliiendesha kwa michango, na michango ilikuja na wageni, na wageni walitaka kupokewa. Hilo nalitaja tangu sasa.

Niliacha shule darasa la sita, mama alipomfuata baba kaburini. Nyuma yangu walikuwa watatu. Mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo hapakuwa na jambo la kuamua. Nilichota maji kwenye majumba ya watu, nikahudumu kwenye hoteli moja Watamu mpaka msimu wa watalii ulipokwisha wakatupunguza, halafu nikasikia nyumba ya wazee inatafuta mtu mwenye nguvu.

"Unaweza kumwinua mtu mzima?" mama msimamizi aliniuliza.

Nikamwambia nilimwinua mama yangu muda wote wa ugonjwa wake. Hakuniuliza cheti.

Kazi ilikuwa kuwageuza waliolala ili wasipate vidonda vya kulalia, kuwaosha, kuwalisha, kuwatoa juani asubuhi na kuwarudisha kivulini jua likipanda. Mzee haanguki ukiwa umemshika. Anaanguka ukiwa umemshika mwingine. Nililijua hilo mapema sana: bibi mmoja aliteleza msalani wakati kijiko changu kikiwa mdomoni mwa jirani yake. Nilisikia kishindo na sikuweza kuondoka mara moja, maana huyu naye alikuwa hajameza.

Ndipo nikabuni ndoa.

Kwetu bibi humwita mjukuu wake wa kike mke mwenza, kwa kuwa wote wawili mume wao ni babu. Ni utani wa kila nyumba. Mle ndani alikuwamo bibi mmoja wa Mambrui, mtu wa ukoo mzuri, miguu yake mibovu lakini macho na ulimi bado vikali kama sindano. Asubuhi yangu ya kwanza aliniita kutoka kitandani.

"Mke mwenzangu, umemlaza wapi mume wetu?"

"Yuko ng'ambo, bado anakoroma."

"Umemchosha. Nyinyi vijana hamna huruma."

Mume mwenyewe alikuwa mzee wa bara aliyekuwa mgema wa tembo, kiharusi kimemuua upande mmoja. Maneno yake yalitoka kwenye pembe ya mdomo. Nilipomkalisha ukumbini, bibi wa Mambrui alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Mimi," akasema, "nyumba ya baba yangu haikuingia hata harufu ya tembo. Leo nimeozwa mgema."

"Nirudishe," mgema akasema.

"Nikurudishe kwa nani? Nani atakuchukua na mguu huo?"

Wodi nzima ilicheka. Nami nikaona kitu. Nilikiweka kiti cha bibi karibu na mlango wa wanaume, nikamwambia amlinde mumewe asiteleze kitini. Siku hiyohiyo mgema alipoanza kuinama, sauti ikapaa: "Mke mwenza, mume wangu anakufa, njoo!" Nikakimbia, nikamwahi. Tangu hapo nikaanza kuwaozesha wazee. Kila mzee asiyejiweza nilimtafutia mwenye macho, nikawafunga kwa utani, na wakalindana. Wakagombana, wakasusiana, wakaitana majina, lakini hakuna aliyeachwa peke yake. Mama msimamizi alifurahi. Mwenyekiti aliwaonyesha wageni: tazameni wanavyopendana. Hakuna aliyesema kwamba ndoa zile zilikuwa zinajaza nafasi za wafanyakazi ambao hawakuajiriwa. Mimi sikulisema pia. Nilikuwa najivuna. Sikuwa na cheti, lakini nilikuwa na ndoa zile.

Kisha mdogo wangu akamaliza chuo cha uuguzi Mombasa. Ni mimi niliyemsomesha, na ni mimi niliyekwenda kumwombea kazi. Nilidhani atakuja akae chini ya bawa langu. Siku aliyoripoti, mama msimamizi alitukusanya ukumbini.

"Huyu mtamwita Sista."

Nikamwita Sista mtoto niliyemwogesha.

Alivaa gauni jeupe na mkanda wa buluu, na kifuani alibandika saa iliyoning'inia kichwa chini ili aisome yeye mwenyewe. Nadhani niliitazama saa ile kuliko alivyoitazama yeye. Tulikuwa tumepanga chumba Maweni, wote wanne, na jioni mimi ndiye niliyelipiga pasi gauni lake, kwa kuwa yeye alikuwa akiwasomesha wadogo. Siku moja nililipima. Lilinibana mabegani. Nikalirudisha kwenye msumari kabla hajageuka.

Bibi wa Mambrui alimkagua kama alivyomkagua mgema.

"Na huyu wa nani?"

"Mdogo wangu, anayenifuata," nikasema.

"Basi ni bi mdogo. Mume wetu ameoa tena bila kutuaga."

Ikawa hivyo. Bibi wa Mambrui bi mkubwa, mdogo wangu bi mdogo, na mimi wa katikati. Wa katikati hana lake. Bi mkubwa ndiye mwenye nyumba, bi mdogo ndiye kipenzi, yule wa kati hutumwa.

Ijumaa ilikuwa siku yangu ya kumchana bibi nywele. Ijumaa moja nilimaliza kutandika mipira ya kuzuia mkojo kwenye vitanda, nikaja na kitana na mafuta ya nazi, nikamkuta ameshakaa kati ya magoti ya mdogo wangu, macho kayafumba.

"Umechelewa, mke mwenza," akasema bila kuyafumbua. "Mwenzio ana mkono mwepesi. Wako ni wa mtu anayeparua samaki."

"Samaki mwenyewe mzee, magamba yamekuwa magumu," nikamjibu.

Walicheka wote wawili. Nami nilicheka, nikakirudisha kitana mfukoni, na jino moja la kitana likanichoma mkono mpaka nilipofika jikoni, kwa sababu sikukiachia.

Na mgema pia. Mimi nilishindana naye miaka, nusu ya uji ikiishia kifuani kwake. Mdogo wangu alimkalisha wima, akamwinamisha kidevu, akampa kijiko kidogo, akangoja ameze, akampa tena. Bakuli likaisha. Mgema akanitazama kwa lile jicho lake zima.

"Bi mdogo ana subira," akasema.

Nilitaka kumwambia kwamba bi mdogo hana watu wengine sita wanaomngoja midomo wazi. Yeye alilisha wachache walio wagonjwa zaidi, mimi nililisha waliobaki, na subira ni rahisi kwa mwenye nafasi. Lakini mtu hawezi kumwambia mzee aliyepooza maneno kama hayo. Nilichukua bakuli nikaenda kuliosha.

Alipomaliza mwezi wake wa kwanza, mdogo wangu alimwendea mama msimamizi na mambo mawili. La kwanza, mgema asipewe tena chakula kigumu chochote, kwa kuwa koo lake halifungi sawasawa na chakula kinaweza kuingia njia ya pumzi. Uji na vitu vilivyopondwa tu. La pili, aletewe kiti, kiwekwe katikati ya ukumbi mahali ambapo mtu akikaa anaiona milango yote miwili, na mfanyakazi mmoja akikalie muda wote wa mchana.

"Kiti nitakupa," mama msimamizi akamjibu. "Wa kukikalia sina."

Kikaletwa kiti kidogo cha mbao kisicho na mgongo. Siku mbili tatu tulikikalia kwa zamu, kisha kazi ikatuzidi, na mwanamke wa kufua akakiona kinafaa kuwekea taulo. Mimi sikukipenda tangu kilipoingia. Nilikiona kimekuja kukaa mahali pa ndoa zangu.

"Wake wenza wanaifanya kazi hiyo," nilimwambia mdogo wangu tukirudi nyumbani.

"Wake wenza si wauguzi, dada. Wanasinzia. Wanasahau. Wanataniana."

"Wamewalinda watu kabla wewe hujaja."

"Najua," akasema.

Angebisha ningeweza kupigana naye. Ile "najua" ilinikaa kifuani mpaka Maweni.

Siku ya wageni, kabla hawajafika, mdogo wangu alizunguka akimkumbusha kila mtu kuhusu mgema: asipewe kitu kutoka kwenye masinia.

"Mmeona?" bibi wa Mambrui akawaambia wenzake. "Bi mdogo amnyima mume chakula. Ataka akonde, asitamaniwe na sisi wengine."

"Nitamfungia kabatini," mdogo wangu akasema.

"Mfungie, nitavunja kabati."

Tulicheka sote, mdogo wangu pia. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote, maana kwa mara ya kwanza utani ulikuwa unamchoma yeye.

Wageni walipofika, mdogo wangu alikuwa ndani ya wodi ya wanawake akisafisha kidonda cha bibi mmoja nyuma ya pazia. Mimi nilikuwa ukumbini. Mama msimamizi akaniita. Alijua niliwahi kuhudumu hotelini, na alitaka mke wa mwenyekiti apewe chai na mtu anayejua kushika sinia.

"Wodi je?" nikamuuliza.

"Dakika chache tu. Watu wote hawa wapo, nani atapotea?"

Nilikipita kile kiti, taulo zimepangwa juu yake. Nikamwinamia bibi wa Mambrui.

"Mke mwenzangu, nakuachia mume."

"Niachie. Leo zamu yangu."

Kilichofuata nilikisikia kwa mbali, kilichobaki alinisimulia bibi mwenyewe. Mama mmoja wa mjini alimpa sahani ya kaimati, bado zina joto, shira ina iliki. Bibi naye alikuwa akipika kaimati kama hizo mwezi wa Ramadhani katika nyumba ya mumewe, wakati bado ana nyumba na mume. Alisema harufu tu ilimrudisha. Akajikongoja na fimbo mpaka kwa mgema, akakaa kando yake, akachukua moja kwa vidole vyake. Bi mdogo ampa uji, alifikiri. Mimi nimpe utamu. Alitaka ale mkononi mwake mbele za watu, ili ijulikane bi mkubwa ni nani.

Kina mama wa mjini walikusanyika kutazama bibi harusi akimlisha bwana harusi. Walipiga vigelegele. Mgema alipoanza kutikisa kichwa na kuupiga mkono wake mzima kwenye ubao wa kiti, walidhani anaitikia, wakampigia makofi kwa mapigo yaleyale.

"Mke mwenza, mume wangu anakufa, njoo!"

Nililisikia. Nilikuwa nimeinama namimina chai. Lilikuwa neno lilelile, kwa sauti ileile, nililolisikia kila siku ya Mungu, mume akiteremka kitini, mume akimtazama bibi mwingine, mume akikataa kuongea. Wageni walicheka zaidi. Nikakijaza kikombe.

Mdogo wangu alitoka nyuma ya pazia mikono yake ingali na sabuni. Sijui kama alijua zaidi yangu kwamba safari hii ni kweli. Nadhani alikuwa bado hajalizoea neno lile, basi kila lilipoitwa alikuja. Aliwasukuma kina mama, akamwinamisha mgema juu ya mkono wake, akampiga kati ya mabega, akampiga tena, akamtia vidole kooni. Midomo ya mzee ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Kaimati ilitoka vipande vipande. Vigelegele vilikatika. Halafu tukasikia pumzi, ngumu, inakwaruza, lakini pumzi.

Bibi wa Mambrui alikuwa angali ameshika ya pili mkononi, shira inamtiririka hadi kwenye kiwiko.

Wakamtia mgema kwenye gari la mwenyekiti kumpeleka hospitali, na mdogo wangu akaingia naye, kichwa cha mzee kimelala kwenye gauni jeupe nililolipiga pasi jana yake. Mimi nilibaki na sinia. Nililohisi kwanza halikuwa shukrani. Shukrani ilikuja baadaye, nikiwa naokota vikombe. La kwanza lilikuwa wivu. Mzee wangu, niliyemgeuza na kumwosha miaka yote, pumzi yake ilirudishwa na mkono wa mwingine, na mkono huo niliulea mimi.

Mgema alilazwa, kifua kikamshika. Kamati ikakutana ofisini kwa mama msimamizi. Kilichowauma hasa ni kwamba mambo yalitokea mbele ya wageni, na walitaka kujua nani aliiacha wodi. Kila mtu mle ndani alielewa kwamba kuna atakayeondoka. Nilikaa kwenye benchi nje, nikipanga maneno yangu. Ningesema niliitwa kubeba chai. Lakini aliyeniita alikuwa amekaa humo ndani pamoja nao, na angeulizwa yeye kwanza. Nikafikiria chumba cha Maweni na wadogo wawili waliokuwa bado shule. Mimi sikuwa na karatasi yoyote ya kumwonyesha mtu. Nikitoka pale, ningerudi kuchota maji, na wao wangetoka darasani kama nilivyotoka mimi.

Mdogo wangu aliitwa kabla yangu. Pazia la mlangoni lilikuwa jepesi.

"Zamu ya wodi ilikuwa yangu," nikamsikia. "Dada alitoka kwa ruhusa yangu. Kama kuna uzembe, ni wangu."

Haikuwa kweli. Hakujua hata kwamba nimetoka. Nilingoja mama msimamizi aseme. Hakusema. Maneno yale yalimwokoa na yeye. Mwenyekiti akakohoa, akasema kwa upole kwamba kijana bado mpya, labda ingefaa atafute mahali pengine pa kujifunzia. Mimi nilipoingia niliambiwa tu niendelee na kazi.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Tulipofika karibu na soko nikamuuliza.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Mimi ndiye mkubwa. Wa kufukuzwa akiwapo, nifukuzwe mimi."

"Ukifukuzwa utakwenda wapi, dada? Mimi nina cheti. Na cheti chenyewe umenipa wewe."

"Basi usinilipe kwa njia hiyo."

"Silipi. Hilo la shule siwezi kulilipa, hata nijaribu vipi. Hili ni lingine. Hili unadaiwa wewe." Akacheka kidogo, kama anavyocheka na wazee. "Na mimi nataka kulipwa."

"Unataka nini?"

"Kile kiti. Kisikae kitupu."

Ningependa kuandika kwamba nilimhurumia, na nilimhurumia, lakini si hilo lililonikosesha usingizi usiku ule. Tangu mama alipokufa, kila kizito cha nyumba yetu kilikuwa changu. Mazishi yalikuwa yangu, maradhi ya wadogo, lawama za majirani. Hicho ndicho nilichokuwa nacho badala ya shule. Yeye alikuwa na gauni, saa, mkono mwepesi, bibi wa Mambrui na mgema. Sasa amechukua na lawama, ambayo kwa haki ilikuwa ije kwangu, na ameichukua vizuri, bila kuinua sauti, na mimi nikabaki mtu aliyebebwa. Sikuwahi kubebwa. Sikujua namna ya kukaa.

Alipata kazi kwenye zahanati upande wa Ganze, ambako manesi wengine hawakutaka kwenda.

Mgema alirudi baada ya wiki kadhaa, sauti yake imekuwa ya kukwaruza. Bibi wa Mambrui alirudishiwa kiti chake mlangoni, lakini alikisogeza mbali. Hakuniita tena mke mwenza. Aliniita kwa jina langu kamili, kama mtu wa serikali.

"Bi mdogo yuko wapi?" aliuliza siku moja.

"Amehamishwa, bibi."

Sikuwahi kumwita bibi kabla ya hapo. Alilisikia. Akazungusha fimbo yake sakafuni.

"Nimemfukuza mimi," akasema.

"Hapana. Ukumbi haukuwa na mtu."

"Mimi nilikuwapo."

"Wewe ni mzee uliyeletwa hapa ulindwe. Hukuletwa ulinde."

Nilipolisema nilijisikia nikiongea maneno ya mdogo wangu. Hata hayo yalikuwa yake.

Niliziondoa taulo juu ya kile kiti, nikakaa. Mama msimamizi aliniita jikoni, nikamwambia anipe kwanza mtu wa kukaa. Aliniuliza tangu lini mhudumu anampangia kazi. Mara za mwanzo niliinuka. Kisha nikaelewana na mwenzangu: mmoja hainuki mpaka mwingine afike. Mwanamke wa kufua naye akakubali kupumzikia pale badala ya kupumzikia kisimani. Kwa hiyo shuka zilichelewa kukauka, uji ukachelewa, wazee wakanung'unika na mpishi akanisusia. Mama msimamizi alipochoka na manung'uniko alikwenda kwenye kamati kuomba mhudumu wa tatu. Walimpa, baada ya kungoja sana, msichana mmoja mwenye bidii na mgongo mwembamba.

Alipoanza kuzoea, nikaomba siku moja niende Ganze. Nilishuka basi nikatembea kwenye vumbi, na kila niliyemuuliza njia alinyoosha mkono kabla sijamaliza.

"Ah, kwa Sista wetu. Fuata hii."

Wetu. Walikuwa naye muda mfupi tu, na tayari ni wao. Mama mmoja aliyebeba gunia la makaa alinisindikiza nusu ya njia akinisimulia jinsi Sista alivyomzalisha binti yake, na mimi nikaitikia "enhe, enhe" kama mtu asiyemjua.

Mdogo wangu alikuwa amekonda. Aliniwekea beseni la maji ninawe miguu, limejaa, na nilikuwa nimeyaona madumu ya wanawake yamepangwa barabarani yakisubiri maji yale. Nikasema nusu inatosha. Alinishika miguu akaiosha mwenyewe. Deni likaongezeka na mimi nimekaa tu.

Hakuniuliza habari za wadogo kwanza.

"Leo nani amekaa?"

"Yule msichana mpya. Mwenzangu ana homa."

"Peke yake?"

"Peke yake."

"Umemwona akikaa?"

Nilikuwa nimeondoka alfajiri. Naye alikamua kitambaa akanifuta vidole kimoja kimoja, kama wanavyofundishwa manesi. Alinitaka nilale. Sikulala. Nilikula, nikarudi na basi la mchana.

Nilipitia nyumba ya wazee kabla ya kwenda Maweni. Ukumbini taulo zilikuwa zimepangwa juu ya kiti, safi, kingo zake zimelingana. Nilitaka kumgombeza yule msichana. Nikamwona mlangoni mwa wodi ya wanawake, amemwinua bibi mmoja mzito kwa mikono yake miwili, hana wa kumshikia upande wa pili, jasho linamtoka. Ng'ambo, mgema alikuwa amelala kitini, kichwa kimeanguka mbele. Nikamwinua kidevu. Alikuwa akipumua.

Niliziweka taulo chini, nikakaa na vumbi la Ganze miguuni tena, palepale alipoosha. Bibi wa Mambrui alinitazama kutoka kitini kwake.

"Umechelewa," akasema, bila kuniita lolote.

"Nimechelewa."

Siku ile deni la kiti halikulipwa.